Fundi Letevyote na Tela Lililotikisa Mkia

Leo, Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, fundi wetu mkuu wa springi na usukani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chali chini ya magari ya watu. Kesho asubuhi anaondoka mjini na mke wake, wakiwa wameketi ndani ya gari moja, na jambo hilo, kama mtakavyosoma, nusura lisiwezekane. Tungependa kusema pia kwamba amekwisha kukabidhi ovaroli lake stoo. Hajalikabidhi. Amesema linahitaji kufuliwa kwanza, kwamba litafuliwa nyumbani, na kwamba hawezi kusema kufua huko kutachukua muda gani.

Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu. Sisi wengine, pamoja na wateja, majirani na askari wa barabarani wawili watatu, tunamwita Letevyote, na hatuoni sababu ya kubadili leo.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuingia karakanani kwetu, kazi yenyewe ni hii. Mtu hununua gari kubwa, la juu, lenye viti saba, kisha hulifungia tela nyuma: la ng'ombe, la vyombo vya muziki, la samani za ndugu anayehama. Gari la namna hiyo likiwa peke yake, Letevyote hupenda kusema, ni kama kijana aliyevaa suti ya kuazima. Linapendeza mpaka liambiwe libebe kitu. Tela likishafungwa, nyuma ya gari inaketi, pua inainuka, tairi za mbele zinaigusa barabara kwa adabu tu, na usukani unakuwa mwepesi kiasi cha kumfanya dereva ajisifu. Mteremko wa kwanza humwondolea sifa. Tela huanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, na dereva hujikuta anafuata badala ya kuongoza.

Dawa si moja. Springi za nyuma ziwe na nguvu zaidi, lakini zisiwe ngumu kama benchi la hospitali. Shokapu ziwe zinazojua kunyamaza baada ya shimo, si zile zinazoendelea kulisimulia nusu kilomita nzima. Bushi, vile vipira vya kwenye viungo, zilizogeuka uji zitolewe. Ufito wa chuma unaozuia gari lisilale kwenye kona uwe mnene. Na huko mbele, kila kiungo cha usukani kinachocheza kibadilishwe, kisha tairi zipangwe upya zitazame njia moja, "maana zikiwa na maoni tofauti," asemavyo, "wote mnakutana mtaroni."

Lakini gari tupu hakuligusa. Hilo ndilo lililompa jina. Mteja akija peke yake, gari limeoshwa linang'aa, akieleza kwamba tela liko nyumbani na mzigo wenyewe ni vitu vichache tu, Letevyote alifuta mikono, akamtazama kwa huruma na kumwambia: "Nenda kalete vyote. Tela, mzigo, mama watoto, watoto, na huyo shangazi mnayempitia njiani." Alikuwa na hoja, kwamba springi hupimwa zikiwa zimebeba, kama viatu vinavyopimwa mtu akiwa amesimama. Tena alikuwa na uzoefu. Hakuwahi kukutana na mteja aliyesema kweli kuhusu mzigo wake. "Vitu vichache tu," alitufundisha, "ndio mzigo mzito kuliko yote duniani." Wasomaji wanaombwa kuishika kauli hiyo. Tutaihitaji.

Matunda ya kanuni yake uwanja wetu umeyaona. Mfugaji mmoja aliambiwa alete vyote, akaleta tela lenye fahali wawili, akaliegesha kando ya dirisha la ofisi. Letevyote akiwa chini ya gari anapima, fahali mmoja alipenyeza kichwa dirishani na kula nusu ya pazia la mhasibu. Mhasibu alipiga kelele kwamba mnyama aondolewe mara moja. Kutoka chini ya gari ilisikika sauti tulivu ikisema kuwa haiwezekani, kwa sababu sasa uzito umebadilika na itabidi kuanza upya. Nusu ya pazia iliyobaki ingali inaning'inia pale, na mhasibu ingali inamuuma.

Siku nyingine alikuja kijana na familia yake yote, akiwemo mama mkwe, mama mwenye mwili wake na heshima zake. Letevyote hupima kwa vidole pengo lililopo kati ya tairi na ukingo wa bodi. Watoto walipopanda, pengo lilikuwa vidole vinne. Mke alipopanda, vinne. Mama mkwe alipopanda, viwili, na gari likatoa sauti ambayo sote tulijifanya hatukuisikia. Kijana alianza kuvichunguza viatu vyake. Letevyote aliinuka, akainama dirishani na kusema, "Shikamoo mama. Springi za mkweo zilikufa siku nyingi, sema hazijazikwa."

"Marahaba, baba," alijibu mama. "Nilimwambia. Akasema ni barabara."

Kijana aliagiza springi mpya papo hapo, pande zote nne, bila kuuliza swali.

Chombo kikuu cha kisayansi cha Letevyote ni mizani ya bafuni. Huiweka chini ya shingo ya tela, yaani ule mkono wa mbele unaoshikwa na gari, ili ajue ni sehemu gani ya mzigo inayoliegemea gari. Ikizidi, gari linaketi. Ikipungua, hatari ni kubwa zaidi: mzigo uliorundikwa nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya tela, huinyanyua shingo, na tela lenye shingo nyepesi ndilo linalotikisa mkia. "Kizito mbele ya ekseli" alikuwa akiitamka kila siku, kama mtu anayeshukuru chakula. Mizani hiyo aliiazima nyumbani kwake mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwa siku moja. Mke wake aliidai kwa muda, kisha akaacha. "Sijui uzito wangu tangu nikiwa msichana," alituambia, "na ndoa imedumu."

Isidhaniwe kwamba ilikuwa mizaha mitupu. Gari la kliniki inayotembea lilikuwa likifika mwisho wa safari nusu ya chupa za dawa zikiwa vipande, na wauguzi wakishuka wameshikilia midomo. Letevyote alilala chini yake wiki nzima, na lilipotoka, muuguzi mkuu alikuja mwenyewe kutushukuru. Alisema chupa zinafika nzima, na tatizo lililobaki ni dereva kusinzia. Aidha, mafundi wengi wa springi katika mji huu wamepita mikononi mwake. Msimamizi wetu wa sasa alikuja akiwa binti asiyeweza, kwa maneno yake mwenyewe, kutofautisha bushi na biskuti. Leo ndiye anayempa mwalimu wake ruhusa ya kwenda likizo. Letevyote humwita "bosi" kwa sauti ileile anayomwitia paka wa karakana.

Sasa habari ya mke wake. Ni fundi cherehani, na jicho lake huona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Walipohamia mji huu wakiwa wachanga wa ndoa, mumewe alifunga tela nyuma ya gari la kuazima na kupakia kila walichokuwa nacho, cherehani ikiwa nyuma kabisa. Kwenye mteremko ule wa kuingilia mjini, tela lilitikisa mkia, likalala ubavu, na cherehani ikaruka hadi mtaroni. Bibi arusi aliteremka mtaroni, akaiokota, akaifuta tope kwa khanga yake, akaikumbatia na kumalizia safari kwa basi. Tangu siku hiyo hajawahi kuketi ndani ya gari linalovuta tela. "Tela ni lako," humwambia mumewe, "miguu ni yangu." Mwezi uliofuata ajali hiyo, kijana mmoja alibisha hodi karakanani kwetu akitaka kujifunza springi. Hajawahi kutuambia sababu. Hatujawahi kumuuliza.

Binti yao, aliyeolewa ng'ambo ya vilima, amewajengea vyumba viwili uani kwake, na huko ndiko wanakohamia. Mume alitangaza kwamba wataenda kwa gari lake, na tela nyuma. Mke alitangaza kwamba yeye na cherehani yake watapanda basi. Kwa wiki kadhaa Letevyote alikuja kazini akiwa hana utani, na karakana isiyo na utani wake ni kama redio iliyokatika. Siku moja alimwambia msimamizi, akiwa ameelekea ukutani, "Bosi, nimetuliza magari ya watu wote. Nilitaka siku moja huyu mama akae pembeni yangu, tela likiwa nyuma, asiogope. Basi."

Mwishowe mama alilegeza kamba, lakini kwa masharti. Alikuwa ana kitambaa kikubwa cha meza cha kutia pindo, kwa ajili ya sherehe hii hii ya leo. "Nitakaa mbele, nitashona kwa mkono," alisema, "mpaka chini ya mteremko uleule. Sindano ikinichoma mara moja, mimi na basi. Na wewe ukifika kwa mwanetu, ubishe hodi sana, kwa sababu sitasikia."

Gari lake lenyewe lilikuwa aibu. Kinyozi hajinyoi. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, shokapu zinalia mafuta, na usukani ulihitaji kuzungushwa robo mzunguko kabla ya tairi kupata habari. Msimamizi aliamuru litengenezwe na karakana nzima kama zawadi, kwa sharti moja: mwenyewe asiliguse. Akae kwenye benchi la wateja, anywe chai ya wateja, asome magazeti ya wateja ya mwaka juzi. Kila tulipogeuka, benchi lilikuwa tupu na viatu tunavyovijua vilikuwa vinachungulia chini ya gari. "Nilidondosha sarafu," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alisema ni ileile.

Tuliweka springi mpya, shokapu mpya, bushi, viungo vya usukani, na shokapu ndogo ya kulaza usukani usipige mikono ya dereva. Tukapanga tairi. Letevyote alizunguka gari, akalitikisa, akalisukuma, akatafuta kasoro kwa hamu kubwa na asiione. "Si baya," alisema. Wanaomjua wanasema hajawahi kusifu kiasi hicho.

Siku ya jaribio alileta tela likiwa limekwisha kupakiwa, limefunikwa turubai na kufungwa mafundo ambayo baharia angeyaomba. Msimamizi alimuuliza, kama anavyoulizwa kila mteja, lina nini ndani. Alijibu bila kupepesa: "Nguo, vyombo na godoro. Vitu vichache tu."

Tulimsikia. Tulikuwepo wote. Mizani ikabaki rafuni. Kumpimia Letevyote shingo ya tela lake kulionekana kama kumwonjesha mpishi chumvi yake.

Yaliyotokea njiani tumeyapata kwa msimamizi, aliyeketi kiti cha nyuma. Gari lilikwenda vizuri, usukani ulitulia, mama alishona. Kwenye kona ya pili ya mteremko, tela likatikisa mkia. Letevyote alifanya kila alichotufundisha: hakukanyaga breki kwa hofu, hakupigana na usukani, aliondoa mguu kwenye mafuta, akalishika gari katika mstari mpaka tela likaona haya. Hakuna kilichoanguka. Lakini mama alikuwa ameinua kidole mbele ya uso wake, na kwenye ncha palikuwa na tone jekundu.

"Simamisha," alisema.

Alikunja kitambaa, akashuka, akapungia basi lililokuwa linateremka kuja mjini, na akafika karakanani kabla yao. Sisi tuliobaki tulimwona akiingia peke yake, kidole mdomoni, na tukaelewa. Hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Letevyote alirudi na maelezo. Ilikuwa upepo. Ilikuwa barabara. Ilikuwa lori lililowapita. Mwishowe, Mungu amsamehe, ilikuwa namna bosi alivyopanga tairi. Msimamizi hakubishana. Alikwenda rafuni, akaleta mizani ya bafuni na kuiweka chini ya shingo ya tela. Mshale ulisogea kidogo ukasimama, kama mtu aliyeitwa akasikia vibaya. Tairi za tela zimebonyea kwa uzito, na shingo haina kitu. Kila fundi pale alijua maana yake, na aliyewafundisha alijua kabla yao. Msimamizi akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, lete vyote."

Mama ndiye aliyefungua mafundo. Mbele kulikuwa na nguo, vyombo na godoro, kama ilivyotamkwa. Nyuma ya ekseli, chini ya blanketi lililopangwa vizuri kama la mgonjwa, kulikuwa na jiliwa lake kubwa la kubania vyuma, fuawe la kugongea, jeki ya magurudumu, masanduku mawili ya spana na springi kuukuu tano. Vyote ni mali yake halali. Vyote ni vizito kama dhambi.

"Hizi springi za nini?" mama aliuliza.

"Zinaweza kufaa."

"Zimfae nani?"

"Mtu."

"Mzee wangu, tunakwenda kupumzika au tunakwenda kufungua tawi?"

Letevyote alijikuna shingo. "Nitavisogeza mbele ya ekseli. Hesabu itakaa sawa."

Ni kweli, ingekaa sawa. Hakuna fundi pale ambaye angeweza kumpinga. "Itakaa sawa kwa tela," mama alisema. "Mimi nimeolewa na viatu vinavyochungulia chini ya gari. Huko kwa mwanetu nataka kuona uso."

Kati yetu wapo waliowahi kuhama makwao kwa ghafla na hawakurudi. Hao walielewa mapema kuliko wengine kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kuficha jiliwa chini ya blanketi. Mtu hufungasha kile ambacho bila hicho hajui ataitwa nani.

Kisha Letevyote alipanda telani na kuanza kushusha. Hakutaka msaada. Jeki alimpa fundi wa breki, na onyo kwamba ina kiburi asubuhi. Masanduku ya spana aliyaleta kwangu stoo, akanisimamia mpaka nikayaweka rafu aliyoitaka. Fuawe liliachwa mlangoni, ambako sote tumekwisha kujikwaa. Springi kuukuu alizitazama moja moja, akakiri kwamba hazimfai mtu. Jiliwa alilibeba mwenyewe hadi meza ya msimamizi, akalifunga bolti zake, akalizungusha mkono wake mara kadhaa. "Bosi," alisema, na safari hii hakulisema kama kwa paka, "usilikaze kupita kiasi. Lina umri wangu."

Alipogeuka, mke wake hakuwepo. Tulidhani amekwenda kituo cha basi. Alirudi baada ya muda na mkokoteni, na juu ya mkokoteni cherehani yake, ileile ya mtaroni, ubavu wake ungali na mkwaruzo.

"Ulisema hiyo itapanda basi," Letevyote alisema polepole.

"Kama mimi napanda hili, yenyewe itapanda basi na nani?"

"Na kazi je? Si umesema kupumzika?"

"Hii naifanya nikiwa nimekaa kitini, uso juu. Pakia."

Ikapakiwa mbele ya ekseli, ikafungwa kwa kamba ambazo Letevyote alizikagua mpaka mama akamwambia aziache zipumue. Msimamizi akarudisha mizani. Mshale ulipanda, ukatua pale pale Letevyote anapoutaka. Hakuna aliyeshangilia, maana hapa hatushangilii mizani, lakini paka aliruhusiwa kulala juu ya boneti.

Kesho yake walirudia mteremko. Waliporudi uwanjani tulikuwa tumejipanga kama waombolezaji. Letevyote alikuwa anaendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, akitupungia mkono tunyamaze. Pembeni yake mama alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi kidogo, kitambaa mapajani, sindano imechomekwa salama kwenye nguo. Alipofumbua macho na kutuona, alikaa sawa.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa nalisikiliza tela."

"Likasemaje?" mumewe akauliza.

"Halikusema kitu."

Ndugu Letevyote, karakana hii inakushukuru kwa kila gari lililofika, na kwa watu waliokuwemo ambao hawakujua kwamba wangeweza wasifike. Tunakushukuru kwa ukali uliokuwa na kicheko ndani yake. Mizani ya bafuni tulimrudishia mama kwa heshima zote, akaikataa kwa heshima zaidi, kwa hiyo itabaki rafuni. Kuhusu ovaroli, tunajua lilipo. Liko chini ya kiti cha dereva. Mama naye anajua. Amesema ni jepesi, na liko mbele ya ekseli.

Nendeni salama, baba na mama. Tunawatakia kona pole, pumzi ndefu na wajukuu wenye kelele. Simu za kuulizia hali ya jiliwa zitapokelewa mara moja kwa wiki.

Na kwenu wageni, ombi la mwisho. Kitambaa kilichotandikwa meza kuu ndicho chenyewe. Kwenye kona ya kushoto mtaona doa dogo la damu: hiyo ni safari ya kwanza. Kutoka doani, ufuateni mshono kwa macho. Unakwenda mdogo mdogo, umenyooka kama rula, kisha unaanza kuwa mrefu, unalegea, na kwenye ubavu wa pili unakoma kabisa. Hapo ndipo alipolala. Pindo halijaisha. Anasema atalimalizia kesho, njiani, kwa hiyo tafadhali sana msilimwagie chai.

Mtunza stoo, kwa niaba ya karakana nzima